Mtumbwi au Ngalawa? Habari za Vyombo Vidogo vya Wawindaji wa Majini

Habari ya leo ni ya chombo kidogo. Habari za vyombo vikubwa zimekwisha simuliwa mara nyingi: majahazi yaliyokwenda Arabuni kwa msimu, meli za moshi, na manowari. Walakini mtu wa pwani hakuanza na jahazi. Alianza na gogo lililochimbwa ndani, na katika kazi za kwanza za gogo lile mojawapo ilikuwa kumfikisha mtu mahali penye mawindo, mahali ambapo miguu yake haikuweza kumfikisha.

Tuanze hapa hapa Dar es Salaam, katika bonde la Jangwani. Mgeni akilisikia jina hili hudhani ataona mahali pakavu pasipo maji. Kumbe sivyo. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita bondeni kati ya Kariakoo na Magomeni, kisha huingia baharini penye mikoko karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi ni mto mdogo wala haumtishi mtu. Mvua ikizidi, bonde lote huwa ziwa. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ilinyesha siku mfululizo, nyumba za bondeni zikajaa maji, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha yao mjini. Mtu akaaye karibu na bonde hili hufahamu upesi ya kuwa maji si ya namna moja. Juu huko mto ni mwembamba na matete yameuziba; chini kwenye mikoko ni tope na maji yanayojaa na kupwa; mbele kidogo ni bahari yenye mawimbi; na siku ya gharika ni mkondo unaochukua kila kitu. Chombo kifaacho mahali pamoja chaweza kumwua mwenyewe mahali pengine, na huenda pale pawili pasiwe mbali hata mwendo wa saa moja.

Basi swali letu ni hili: mtu atakaye kwenda kuwinda kwa njia ya maji achague chombo gani, kilicho kidogo, chepesi, na kisichopinduka? Watu wa nchi zetu wamelijibu swali hili kwa muda wa miaka karibu elfu mbili, tena hawakulijibu kwa namna moja.

Kwanza tufahamu ya kuwa mwindaji hataki kile atakacho mchuuzi. Mchuuzi ataka tumbo kubwa la chombo, apate kupakia. Mvuvi wa nyavu ataka nafasi ya kukusanya nyavu zake na wenzake wa kuzivuta. Mwindaji ataka chombo kisichopiga kelele, kipitacho penye maji ya kufika magotini, na chepesi hata watu wawili waweze kukiburuta juu ya tope maji yakipwa. Pamoja na hayo yote, analo jambo moja ambalo wenziwe hawana: yeye husimama. Husimama omoni, mkono umeinuliwa, na chusa mkononi, kisha hutupa kwa nguvu zake zote. Kila ajuaye mtumbwi ajua ya kuwa kusimama ndani yake ni kuutafuta msiba, na kutupa mkuki umesimama ni kuuita msiba kwa jina lake. Hapo ndipo palipo tatizo. Chombo chepesi na chembamba huenda kimya, lakini hulewalewa. Chombo kipana hutulia, lakini ni kizito, chapiga maji, na mnyama husikia kabla hujamfikia.

Mtumbwi ndio wa kwanza. Fundi huangusha mti, hulichonga gogo kwa shoka na tezo, hulichimba ndani, na hupunguza unene wa mbavu mpaka chombo kiwe chepesi. Mtumbwi hauna mkuku, wala ubao ulioungwa, wala msumari. Uzuri wake ni kwamba ukigonga jiwe haufumuki. Ubaya wake ni kwamba upana wake hauwezi kupita unene wa mti uliotoka, na chini yake ni mviringo kama gogo lilivyokuwa msituni. Gogo likielea hupenda kubiringika, na mtumbwi ni mtoto wa gogo.

Habari yake ya kale kabisa iliyoandikwa twaipata katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Yesu, na mtu aliyezijua bandari za Bahari ya Hindi. Mtu huyo ataja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, na wengine Mafia. Asema kisiwani hapo palikuwa na vyombo vidogo vya kushonwa kwa kamba na vingine vya gogo moja, na watu walivitumia kwa kuvua samaki na kukamata kasa. Zaidi ya hayo asema walikuwa na desturi ya kutega vikapu mahali maji yanapopita kati ya miamba, jambo ambalo mtu wa pwani akilisoma hulitambua mara moja, maana ni ndugu wa dema letu. Mwandishi yule ataja pia mji wa biashara uitwao Rhapta, nao ulipata jina lake kutokana na vile vyombo vya kushonwa. Mji huo ulikuwa katika pwani yetu hii, ingawa mahali pake hapajaonekana kwa hakika hata leo. Angalieni basi: habari ya kwanza ya watu wa pwani yetu kuandikwa na mgeni inawataja wawindaji wa kasa pamoja na vyombo vyao. Wafalme wao hawakupewa hata jina.

Sasa kasa ni mnyama gani wa kuwindwa kwa mtumbwi? Kasa mkubwa aweza kupita kilo 100, naye akiwa majini ana nguvu kuliko watu wawili. Ng'amba ni mdogo kuliko yeye, lakini gamba lake ndilo lililotakiwa na wafanya biashara tangu zama za Periplus mpaka zama za babu zetu, likatengenezwa vitana na visanduku. Watu walimkamata mnyama huyu kwa njia nyingi, nayo iliyo ya ajabu ni ile ya chazo. Chazo ni samaki mwenye kibandiko juu ya kichwa. Hujishikiza kwa papa au kasa au hata ubavu wa chombo, akabebwa bure. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyekuwa katika kazi ya ubalozi wa Kiingereza Unguja, alitoa habari huko London jinsi wavuvi wa pwani walivyomtumia chazo kama wengine watumiavyo mbwa wa kuwindia. Chazo hufungwa kamba mkiani na kutunzwa hai. Kasa akionekana, chazo huachwa. Huenda akajibandika kwa kasa, na mvuvi huvuta kamba polepole mpaka kasa afike chomboni. Wataalamu wa London walistaajabia samaki. Mimi nastaajabia zaidi chombo. Maana hebu fikiri: umekaa ndani ya gogo lenye upana wa mapaja yako, upande mmoja unavuta mzigo wa kilo 100 unaopigapiga maji kwa makafi manne, na chini yako ni kina cha bahari. Kwa kazi hiyo mtumbwi mtupu hautoshi.

Hapo ndipo ilipoingia ngalawa. Ngalawa, kwa asili yake, ni mtumbwi ulioongezewa akili. Tumbo lake ni gogo, mara nyingi la mwembe. Urefu wake kama mita 5 au 6. Lina mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu. Lakini juu ya mbavu zake hulazwa miti miwili inayotokeza kulia na kushoto, na kwenye ncha za miti hiyo hufungwa mirengu, yaani mbao mbili ziendazo sambamba na chombo, moja kila upande. Katika pwani yetu mrengu si gogo nene lieleealo kama boya. Ni ubao uliowekwa kwa mshazari. Chombo kikiinamia kushoto, mrengu wa kushoto huyalalia maji na maji huukataa, na ule wa kulia huinuka na uzito wake huvuta chombo kirudi. Ni kama mtu apitaye juu ya mti mwembamba na kunyosha mikono miwili. Tumbo la ngalawa laweza kuwa jembamba hata mtu mnene asiweze kukaa vizuri, na bado mwenye chusa aweza kusimama omoni. (Siku hizi watu husoma magazetini juu ya wanasiasa wa mrengu wa kushoto na wa mrengu wa kulia. Neno ni lile lile la ngalawa, nami sijui kama wanasiasa hukumbuka ya kuwa chombo chao chahitaji yote miwili.)

Akili hii ilitoka wapi? Bara la Afrika lina mitumbwi katika karibu kila mto, lakini mirengu huonekana katika pwani ya mashariki tu, na Ngazija pamoja na visiwa jirani zake, na Bukini, yaani Madagascar. Kisha ukivuka bahari yote mpaka visiwa vya Indonesia, waiona tena, huko kila mvuvi anayo. Lugha ya watu wa Bukini ni ndugu wa lugha za Borneo, na hapana shaka ya kuwa mababu wa watu hao walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtaalamu James Hornell, aliyetumia maisha yake kuchunguza vyombo vidogo vya dunia, aliandika mwaka 1934 juu ya mambo yaliyotoka Indonesia yakaingia Afrika ya Mashariki, na mirengu ilikuwa katika ushahidi wake. Basi mtoto wa Kunduchi au Kizimkazi akirekebisha kamba ya mrengu, anashika kazi iliyosafiri mbali kuliko ye yote kijijini kwake. Lakini tusiseme ya kuwa ngalawa ni kitu cha kigeni. Gogo ni letu, kamba ni yetu, jina na tanga vimekaa kwetu muda mrefu, na mafundi wa pwani hii ndio walioifanya ifae miamba na pepo za hapa.

Kama mambo yangeishia hapo, jibu lingekuwa rahisi: chukua ngalawa. Lakini itie ngalawa katika kijito chenye mikoko. Mirengu yake yatanuka kulia na kushoto, nayo mizizi ya mikoko imesimama majini kama vidole. Haipiti. Ipeleke mtoni penye matete. Itakamatwa na matete. Ipeleke mbele ya kiboko; huwezi kuigeuza upesi. Kile kinachoiokoa baharini ndicho kinachoifunga mtoni. Ndiyo sababu ukienda kutoka pwani kuelekea bara waona mirengu inakoma, na mtumbwi mtupu waendelea na kazi yake mpaka maziwa makuu.

Katika bonde la Kilombero, ambalo wakati wa masika hufurika hata mtu asione mwisho wa maji, wanakaa Wandamba. Watu hawa ni watu wa mtumbwi tangu utoto, na desturi zao za kuwinda kiboko na tembo ziliandikwa na A. G. O. Hodgson mwaka 1926, akaonyesha ya kuwa uwindaji huo ulikuwa na dawa zake, miiko yake na mafundi wake, si mchezo wa mtu atakaye tu. Kiboko mzima hupita kilo 1,000, na wengi huzidi sana hapo; kuupindua mtumbwi kwake ni kama mtu kupindua kikapu. Mbali zaidi kusini, katika mto Zambezi, David Livingstone na ndugu yake Charles waliona wawindaji wa kiboko wakati wa safari yao, wakaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1865. Mitumbwi ya wawindaji wale haikuwa ya kuvushia watu wala mizigo. Ilikuwa ya kuwindia tu, miembamba ajabu: urefu kama futi 18 mpaka 20, na upana kama inchi 18 mahali palipo papana, yaani dhiraa moja! Ndani yake watu wawili, mmoja omoni na chusa, mmoja nyuma na kafi.

Mtu wa ngalawa akiona chombo kama hicho atasema hawa wana wazimu. Lakini waliuweka utulivu mahali pengine. Haukuwa katika chombo. Ulikuwa katika miili ya watu wawili waliozoeana, kila mmoja akijua mwenzake atainama lini. Tena kulikuwa na akili ya chusa. Katika uwindaji wa namna hii kichwa cha chusa hutoka mpinini kikiisha kuingia mwilini mwa mnyama, na kamba yake huwa na boya. Mnyama akikimbia huvuta boya, wala havuti watu. Wawindaji huondoka upesi, humngojea achoke, kisha hulifuata boya lile. Namna hii chombo hakikabili nguvu za kiboko kabisa, na chombo kisichokabili nguvu hakihitaji upana mwingi. Watu wa barafu ya kaskazini, ambao zamani waliitwa Waeskimo na leo waitwa Wainuit, walifanya kama hayo kwa sili: chombo chao kiitwacho kayak ni chembamba, kimevikwa ngozi, na mwenyewe akipinduka hujigeuza tena juu kwa kafi lake akiwa amekaa ndani. Watu wa joto na watu wa barafu hawakuonana hata siku moja, lakini walifikia shauri moja.

Sasa nitawapa habari ya uwindaji mwingine wa majini, uliofanyika katika Rufiji wakati wa Vita Kuu ya kwanza, ambapo mawindo hayakuwa mnyama. Manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg, iliyokuwa na mizinga kumi ya milimita 105, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika vijito vya mdomo wa Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza zilikaa nje baharini, hazikuweza kuingia kwa uchache wa maji. Hapakuwa na ramani ya kuaminiwa ionyeshayo kina cha vijito vile. Basi waliitwa wenye kujua kuwinda. P. J. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika ya Kusini aliyekuwa amewinda zamani katika nchi ya Rufiji, alitumwa aitafute meli ile. Aliikuta imefunikwa na matawi ya miti. Kisha, pamoja na wenyeji waliojua njia za maji, alipita katika vijito kwa mtumbwi usiku, akipima kina kwa mti na kuchunguza kujaa na kupwa kwa maji. Ngalawa isingepita mle, na mashua ya chuma ingesikika. Kwa vipimo hivyo zililetwa Severn na Mersey, meli zilizojengwa mwanzo kwa ajili ya mito ya Brazil, zinazoelea katika maji machache. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilikwisha. Jina la Pretorius limo vitabuni. Majina ya wapiga makafi wake si rahisi kuyakuta.

Wadachi hawakuiacha mizinga yake. Waliitoa majini, ikaletwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, ikavutwa na watu katika nchi nzima vitani. Waingereza waliingia mji huu tarehe 4 Septemba 1916, na kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, iliwekwa mahali ambapo jina lake limebaki hata leo kwa ulimi wa Kiswahili: Kariakoo.

Turudi kwenye chombo. Uwindaji wa kasa na nguva leo ni marufuku kwa sheria, nayo sheria haikuja mapema. Nguva, ambao zamani walinaswa mara nyingi, sasa wamebaki wachache sana, na katika Tanzania bara mahali pao pa mwisho pa kutumainiwa ni maji yaliyo kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kiboko naye hawindwi illa kwa kibali. Kwa hiyo mtu asinunue chombo leo kwa ajili ya chusa. Lakini watu bado huenda penye samaki, pweza, kaa na asali ya msituni kwa njia ya maji, na swali la chombo limebaki vile vile. Nikiulizwa, nitasema hivi: usiangalie chombo kwanza, angalia maji yako. Penye bahari wazi na miamba, mirengu miwili, tena chunguza kamba zake kabla ya kuchunguza rangi ya chombo, maana ngalawa hufa kwa kamba. Penye mikoko, mtumbwi ulio bapa chini kidogo, usio mrefu, na pondo la kusukumia. Penye mto wenye viboko, mtumbwi na mwenzako unayemjua. Na po pote pale, jaribu kusimama ndani yake penye maji ya kiunoni, kabla hujatoa fedha.

Shida kubwa ya siku hizi ni miti. Mwembe wa kutoa tumbo la ngalawa wataka miaka mingi, na miembe mikubwa imekwisha katika vijiji vingi vya pwani. Kwa hiyo mafundi wengi huunga mbao badala ya kuchimba gogo. Chombo cha mbao huvuja, hutaka kalafati kila mara, na misumari hula kutu. Lakini ukienda ufukweni alfajiri utaona mirengu ingali pale pale, mbao mbili za mshazari, na fundi amechuchumaa chini yake akikaza kamba.